Gobore, Kasiba na Shabaha: Juu ya Msamiati wa Silaha za Kushindilia

Makala haya yanahusu jambo la msamiati ambalo, kwa maoni yangu, limeachwa muda mrefu bila kuangaliwa. Kiswahili kina maneno mengi, tena mazuri, ya kuijaza na kuilipua bunduki ya kushindilia, yaani gobore. Lakini maneno yake ya usahihi wa silaha hiyo ni machache, na hayo machache humtaja mpigaji kuliko chombo. Zamani upungufu huu ungaliweza kuhesabiwa kuwa shida ya wawindaji peke yao. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, umekuwa shida ya mtu anayesimama kizimbani.

Natuanze na utajiri wenyewe. Bunduki ni neno la Kiarabu ambalo asili yake ni jina la kokwa la kuliwa. Likatumiwa kwa vigololi vilivyorushwa kwa upinde, kisha kwa silaha ya moto. Risasi nayo asili yake ni neno la Kiarabu la madini, na hata leo kwetu neno hilo lina maana zote mbili, madini na kitu kinachorushwa. Kasiba, yaani mtutu, asili yake ni tete. Mzinga ulikuwa wa nyuki kabla haujawa wa vita, na mtu aliyewahi kuuona mzinga wa nyuki uliochongwa katika gogo haulizi sababu. Kufyatua kulikuwa kazi ya mtego. Tena kuna mdeki wa kushindilia, kifa kinachopokea moto, fataki ya kuuwasha, gumegume iliyotangulia kabla ya fataki, na marisawa yaliyo risasi ndogondogo. Kwa maneno hayo fundi aweza kueleza kazi yote ya gobore, toka baruti kumiminwa mpaka mlio, bila kukopa neno hata moja la Kiingereza. Lakini mwambie aeleze kwa nini risasi ilikwenda kando, naye atakujibu kwamba mpigaji hana shabaha.

Jibu hilo aghalabu si kweli. Gobore hujazwa kwa mdomoni, na ili risasi iteremke kwa wepesi, hasa kasiba ikisha kuchafuka kwa masizi ya baruti, hapana budi risasi iwe nyembamba kuliko tundu. Basi baruti inapowaka, risasi hutoka ikigongagonga kuta za kasiba, na mgongo wa mwisho ndio unaoamua itaelekea wapi na itazunguka namna gani. Mwingereza Benjamin Robins, mtaalamu wa hisabati aliyetoa kitabu chake juu ya mizinga na bunduki mwaka 1742, alilionyesha jambo hili kwa njia ya ajabu: aliupinda mtutu kuelekea kushoto karibu na mdomo, na risasi ikaanza kwenda kushoto, kisha hewani ikajikunja kuelekea kulia, kwa sababu ilikuwa ikizunguka kwa kuusugua ukuta mmoja. Dawa yake ni mifuo inayozunguka ndani ya kasiba, ambayo huizungusha risasi sawasawa kwa mhimili mmoja, na risasi yenye kukaza. Pasipo hayo, mlengaji hodari hushindwa pia. George Hanger, kanali wa Uingereza, aliandika mwaka 1814 kwamba bunduki ya askari wa kawaida, isiyo na mifuo, humpata mtu kwa umbali wa yadi 80, pengine 100, na zaidi ya hapo ni bahati tu.

Sasa, kwa nini hatukupata maneno ya mambo haya? Anayekaa Kikuyu, hapa Dodoma, anakaa katika Ugogo, nchi iliyopitiwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora, na bunduki nyingi zilipita njia hiyo. Karibu zote zilikuwa za kasiba laini. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Mkataba huo ulizuia silaha zisiingizwe Afrika baina ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini, hasa zile zenye mifuo. Lakini ulikubali, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara. Yaani mpaka wa sheria ulipita pale pale penye usahihi. Mwafrika aliweza kuuziwa mlio na moshi. Shabaha ilibaki kwa serikali. Lugha haiwezi kulaumiwa kwa kukosa jina la kitu ambacho wasemaji wake walikatazwa kukishika.

Bastola ya kushindilia iliyotengenezwa kienyeji huzidisha matatizo yote. Kuitengeneza bila kibali ni kosa kwa sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha, na mtutu wake huweza kumpasukia mwenyewe mkononi. Lakini hapa nataka hesabu yake tu. Kama alama mbili za kulengea zimeachana kwa sentimita 15, kosa la milimita moja huipeleka risasi sentimita 10 kando kwa umbali wa mita 15. Katika bunduki ndefu ambayo alama zake zimeachana kwa sentimita 75, kosa lile lile ni sentimita 2. Na hiyo ni hesabu ya jicho peke yake, kabla kasiba haijaongeza upotovu wake.

Basi fikiri shahidi asemapo, "Alimlenga akampiga." Kulenga ni tendo la nia, kupiga ni tokeo. Kwa silaha kama hii la pili si ushahidi tosha wa la kwanza, wala kukosa si ushahidi kwamba hakukusudia. Lakini neno letu kukosa lina maana ya kutolipata lengo na ya kufanya kosa pia, na mkalimani asiyeangalia aweza kuchanganya maana hizo mbili katika sentensi moja.

Napendekeza shabaha iachiwe mtu, kama wasemaji wanavyoitumia. Chombo kinachorudia mahali pamoja kila kinapopigwa kisemwe kuwa kina uthabiti. Na usahihi liwe jina la tokeo, risasi ilipofika mahali palipokusudiwa. Bunduki yaweza kuwa na uthabiti bila usahihi, ikiwa alama zake zimewekwa vibaya. Kosa hilo hurekebishika. Isiyo na uthabiti hairekebishiki kwa kulenga. Kadhalika tuseme kasiba laini na kasiba ya mifuo, na nafasi iliyo baina ya risasi na ukuta tuiite mwanya. Gobore nalo lifafanuliwe kwa namna linavyojazwa na kwa kasiba yake. Kusema kwamba ni bunduki ya zamani hakutoshi, maana mengine yametengenezwa juzi.