Kuazima hadithi si kosa, kumficha mtunzi ni kosa



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalowahusu wote wapendao vitabu na sinema.

Nimepata kuisoma riwaya ya Mmarekani James M. Cain iitwayo The Postman Always Rings Twice, iliyotoka mwaka 1934. Baadaye nikaiona filamu ya Kiitaliano, Ossessione, iliyoongozwa na Luchino Visconti na kutolewa mwaka 1943. Nilishangaa, maana karibu kila tukio nililijua kabla halijafika.

Katika kitabu, mzururaji anateremshwa kwenye lori mbele ya hoteli ndogo kando ya barabara. Katika filamu ni vivyo hivyo. Mwenye hoteli ni bwana apendaye kuimba, ambaye mkewe amemchoka. Mgeni anapewa kazi, anapendana na mke wa tajiri wake, kisha wawili hao wanamwua mume na kudai kuwa ni ajali ya gari. Kote kuna fedha za bima na shaka baina ya wapenzi. Mwisho, mwanamke akiwa mja mzito anakufa katika ajali ya kweli, na mwanamume anatiwa mbaroni.

Mambo hayo hayafanani kwa bahati tu. Visconti alipewa tafsiri ya Kifaransa ya kitabu hicho na Jean Renoir, mwongozaji wa Ufaransa. Lakini filamu ilipotoka, jina la Cain halikutajwa.

Najua wapo watakaomtetea. Watasema wakati huo Italia na Marekani zilikuwa vitani, hivyo kununua haki ya kitabu lilikuwa jambo gumu. Watasema pia kwamba Visconti aliongeza mengi yake: umaskini wa watu wa bonde la mto Po, na yule rafiki aitwaye Mhispania, ambaye hayumo kitabuni. Yote hayo nayakubali. Filamu ni nzuri sana, na wengi huihesabu kuwa chanzo cha mtindo mpya wa sinema za Italia. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Vita vilikwisha mwaka 1945, na kulitaja jina la mtu hakuhitaji fedha.

Tena ndugu wasomaji, tazameni hasara iliyofuata. Haki ya kukitengenezea kitabu hicho filamu ilikuwa mikononi mwa kampuni ya MGM ya Marekani, ambayo mwaka 1946 ilitoa filamu yake na kumtaja Cain waziwazi. Kwa sababu hiyo Ossessione haikuonyeshwa rasmi huko Marekani mpaka mwaka 1976, yaani baada ya miaka 33. Visconti alifariki mwaka huo huo, na Cain akafuata mwaka 1977. Kwa hiyo aliyechukua bila ruhusa naye alipunjwa: kazi yake ilifungiwa mlango katika nchi ile ile ilikotoka hadithi.

Maoni yangu ni kwamba kuazima hadithi si aibu. Hadithi zimeazimwa tangu zamani, na nyingine zikarudi zikiwa nzuri zaidi. Aibu ni kunyamaza. Kwa hiyo nawaomba watengenezaji wa filamu na michezo, popote walipo, waombe ruhusa kwanza, kisha waandike jina la mtunzi mahali ambapo kila mtazamaji ataliona.

Mpenda Vitabu,
Tanga.