Mfanyakazi Mbaya, au Mwalimu Mbaya?

Katika karakana nyingi za miji yetu jambo hili huonekana kila juma. Kijana mwanagenzi amesahau kukaza nati moja. Kapita ampigia kelele mbele ya watu wote, na kijana ainamisha kichwa. Akikosea tena kesho yake, hasemi. Aficha kosa lake, na gari la mteja laharibikia njiani. Kisha watu husema: «Vijana wa siku hizi hawapendi kazi.»

Je, ni kweli? Wapenzi wasomaji, kabla ya kujibu, nawaombeni mnifuate mbali kidogo, hata Marekani, katika mji wa Fremont, jimbo la California. Yaliyotokea huko wanayajua mabwana wa viwanda. Lakini yatufaa pia sisi tulio wazazi wa vijana hao, na zaidi yawafaa makapita wao.

Huko Fremont kampani ya General Motors ilikuwa na kiwanda kikubwa cha kuunga magari. Sifa yake ilikuwa mbaya mno. Siku nyingine mtu mmoja katika kila watano hakufika kazini. Wengine walikunywa pombe humo humo kiwandani. Migomo ilizuka bila hata idhini ya chama cha wafanyakazi, na mashauri kwa maelfu yalilala bila kukatwa. Magari yalipita mbele ya watu moja baada ya jingine juu ya mkanda unaosogea, na amri kuu ilikuwa hii: mkanda usisimame kamwe. Gari likipita na kosa, na lipite. Litatengenezwa baadaye uwanjani. Basi mtu aliyeona kosa alijizoeza kutoliona. Mwaka 1982 kiwanda kikafungwa, na maelfu ya watu wakabaki bila kazi.

Mwaka uliofuata General Motors ilipatana na Toyota ya Ujapani. Wajapani walitaka kujua kama kazi yao yawezekana kwa mikono ya Wamarekani. General Motors ilitaka kujifunza kutengeneza magari madogo yaliyo mazuri. Mwaka 1984 kiwanda kikafunguliwa tena kwa jina jipya, NUMMI. Na ni nani walioandikwa kazi? Wale wale! Katika wafanyakazi wa mikono, karibu 85 kwa kila 100 walikuwa watu wa zamani, hata viongozi wa chama chao.

Mamia ya watu waliochaguliwa kuongoza vikundi walipelekwa kwanza Ujapani, wakafanya kazi kwa majuma kadhaa bega kwa bega na wenzao wa Toyota. Ajabu waliyoiona huko ilikuwa kamba. Yapita juu ya kichwa cha kila mfanyakazi. Akiona kosa, au akishindwa, aivuta. Muziki mdogo walia, taa yawaka, na kiongozi wa kikundi aja upesi. Haji kugomba, aja kusaidia. Wakimaliza mara moja, kazi yaendelea. Wasipomaliza, mkanda wasimama, na kosa latafutwa mpaka chanzo chake. Kisha kikundi chenyewe chapanga upya namna ya kufanya kazi ile ili kosa lisirudi. Hapo ndipo kila siku yawa siku ya shule.

Huko Fremont kamba zilitundikwa, na mambo mengine yakabadilishwa pamoja nazo. Wakubwa na wadogo walikula chumba kimoja. Mtu hakufungwa katika kazi moja maisha yake yote, bali alijifunza kadhaa. Muda si mrefu magari ya NUMMI yalilingana kwa uzuri na yale ya Ujapani, na wasiofika kazini walipungua hata wakawa kama 2 kwa 100.

Sisemi kwamba palikuwa raha tupu. Mwendo wa kazi ulikuwa mkali, na baadhi ya wafanyakazi waliulalamikia. Walakini mwaka 1988, magari yalipokosa wanunuzi, hakuna aliyefukuzwa. Waliozidi walitumwa kujifunza na kutengeneza taratibu za kazi. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Mtu aogopaye kufukuzwa hawezi kuonyesha kosa lake kwa mkono wake mwenyewe.

Tena, elimu ile haikuzaliwa Ujapani tu. Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani iliwafundisha wasimamizi kama milioni moja namna ya kumfundisha mtu kazi: kumtuliza kwanza, kumwonyesha hatua kwa hatua, kumwacha ajaribu, kurudi kumtazama, na asipojua, mfunzi ajilaumu mwenyewe. Baada ya vita Wamarekani waliyapeleka mafundisho hayo Ujapani, na wao wenyewe wakayaacha kwao.

NUMMI ilidumu hata tarehe 1 Aprili 2010. General Motors ilikuwa imefilisika na kujitoa, na Toyota haikutaka kuendelea peke yake. Ubaya wa kazi ya watu haukuwa sababu.

Wengine walijaribu kuiga. Kuna karakana kwetu zilizobandika ukutani maneno mazuri kuhusu ushirikiano, na chini yake kapita atukana. Kadhalika ilikuwa huko Van Nuys, karibu na Los Angeles, katika kiwanda kingine cha General Motors. Walitundika kamba kama za Fremont. Lakini wasimamizi waliendelea kupimwa kwa wingi wa magari yaliyotoka kwa siku, na aliyevuta kamba alionekana mharibifu. Basi watu wakaacha kuivuta. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1992.