Sampuli za Wanaanga na Ridhaa Yetu

Tunapoombwa kutoa damu kwa ajili ya utafiti, wengi wetu hujiuliza kimoyomoyo: damu hii inakwenda wapi? Wazee wetu waliishi na uvumi wa mumiani, na hofu ile haijatutoka yote. Tujifunze basi kutoka mahali ambapo kila tone hufuatiliwa kwa makini: Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kilomita 400 hivi juu yetu.

Huko mwili hauhisi uzito wake. Mifupa isiyobeba mzigo hudhoofika, nayo ile ya nyonga huweza kupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kila mwezi. Kalsiamu inayotoka mifupani huingia katika damu na kuishia kwenye mkojo, ikiongeza hatari ya mawe ya figo. Kwa hiyo madaktari huchukua damu na mkojo kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya kurudi, kwa maana sampuli moja pekee haina cha kulinganishwa nacho.

Damu ikishatolewa, huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi chembe zitengane na majimaji. Kisha huhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, isiharibike hadi ipate chombo cha kuirudisha duniani. Ndivyo ilivyofanyika kwa mwanaanga Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340 kati ya Machi 2015 na Machi 2016, huku pacha wake Mark akitoa sampuli hapa duniani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha kwamba mabadiliko mengi ya mwili wake yalirekebika baada ya kurudi, ingawa si yote.

Wanaanga ni wachache, lakini sampuli za watu wa kawaida nazo zimeifaa dunia. Mwaka 1952 na 1953 homa kali iliwapata watu wa Newala, huku huku kusini mwetu. Katika damu ya wagonjwa, wataalamu walikipata kirusi cha chikungunya, jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu ya viungo. Maabara za nchi nyingi zimejifunza kutokana na kirusi kile. Dunia inalijua jina la ugonjwa kuliko inavyowajua waliotoa damu.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Kanisa, katika Katekisimu namba 2295, linafundisha kwamba utafiti juu ya mtu bila ridhaa yake, akiwa ameelewa, hauheshimu hadhi yake. Nchini mwetu pia, utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili. Basi tukiombwa sampuli ya utafiti, hapa Madaba au kwingineko, tuulize: ni ya kazi gani? Itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Nani atayaona majibu? Je, nikikataa, nitaendelea kutibiwa?

Tukijibiwa kwa ukweli, tutoe kwa moyo mweupe, tukiwafikiria wagonjwa ambao hatutawaona kamwe. Tusipojibiwa, tunayo haki ya kukataa, wala kukataa huko si dhambi.