Kituo cha Elimu ya Mazingira Kwenye Bustani ya Umma: Dodoma Tuanze na Paa, Siyo Ukumbi



Leo tuache kidogo mbegu na bei ya alizeti, tuzungumze kuhusu bustani. Siyo ya mboga. Nazungumzia bustani ya umma, ile mtu anakaa kivulini bila kulipa, na wazo la kujenga ndani yake kituo cha elimu ya mazingira. Tangu Desemba 2017, pale Mama Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alipozindua Mzakwe kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, miti imepandwa mingi. Kupanda tunajua. Kinachotusumbua ni Julai hadi Novemba.

Michoro ya vituo vya namna hii niliyowahi kuonyeshwa inafanana: ukumbi wenye marumaru, nyasi za kumwagilia mbele, na chemchemi ya maji ya kurusha juu. Inapendeza kwenye karatasi. Sasa tupige hesabu.

Dodoma tunapata mvua msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kama milimita 550 hivi kwa mwaka wa kawaida. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Chukua jengo lenye paa la bati la mita za mraba 200: 200 mara 550 ni lita 110,000. Toa yanayomwagika na kukauka, tuseme asilimia 20, unabaki na lita 88,000. Gawanya kwa siku 210 za kiangazi, unapata kama lita 420 kwa siku. Ndoo 21 tu.

Nyasi za kijani kwenye jua letu la Septemba zinaweza kunywa milimita 5 kwa siku. Kipande cha mita 10 kwa 10 peke yake kinataka lita 500. Yaani paa lote hilo halitoshi kalapeti moja ya nyasi! Lakini maji hayo hayo yanatunza miche 200 ya matunda ukiipa lita 2 kila mmoja kwa siku. Kijana akiisoma hesabu hii ukutani, karibu na tangi lenyewe, ameshapata somo kabla hajaingia ndani.

Kwa hiyo paa na tangi kwanza. Kuta ziwe za matofali ya kufungamana ya udongo na saruji, siyo ya kuchoma, maana huwezi kufundisha kutunza miti kwenye jengo lililochomewa kuni. (Tembe la Kigogo lina ubaridi mzuri kuliko bati, nakubali, ila paa lake la udongo halikupi maji ya tangi.)

Ndani ya bustani ndiko kwenye kazi hasa. Kondoa ni mkoa wetu huu huu. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa sababu makorongo yalikuwa yanameza mashamba, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Majani na miti vilirudi, vingi bila kupandwa na mtu. Lakini wenye ng'ombe walibeba mzigo mkubwa, wakahama nao au wakauza. Kituo kikisimulia nusu ya kwanza tu, kitakuwa kinadanganya watoto wa wafugaji.

Mimi ningetenga vipande viwili jirani: kimoja mbuzi waingie, kingine kizungushiwe miiba. Usipande kitu. Kwenye kile kilichozungushiwa, fanya kisiki hai: chagua kisiki kinachochipua, bakiza machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, weka alama ya kitambaa, linda. Misimu mitatu inatosha mtu kujionea mwenyewe.

Halafu shamba la mfano lisilomwagiliwa. Hapa nasisitiza. Kijana mmoja alinipigia simu Machi akiwa na mkopo na ekari tano za mahindi yaliyokauka. Alikuwa ameona kipando kizuri cha mahindi mahali fulani, hakuambiwa kwamba chini yake kulikuwa na bomba. Mvua ilikata Februari, kama inavyofanya mara nyingi, na marejesho hayakusubiri. Kituo kipande mtama, uwele na mahindi kwa tarehe moja, nusu kwenye matuta yaliyofungwa yanayoshika maji, nusu sesa. Yakikauka, yaachwe yakauke hapo hapo, na kibao kiseme kilo zilizopatikana na shilingi zilizotumika. Kipando kilichokufa kingemwokoa yule kijana.

Mwalimu mzuri wa jambo hili yuko Bamburi, Mombasa. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali ambapo hapakuwa na udongo wa maana. Alijaribu aina 26, zikadumu 3, mvinje ikiongoza. Majani yake yaliyodondoka hayakuoza mpaka walipoletwa jongoo wa kuyala, ndipo udongo ukaanza kujengeka. Leo ni bustani, watu wanaingia kwa tiketi.

Pesa? Ujenzi hupata wafadhili, mshahara wa mtunza bustani haupati. Kitalu kiwe sehemu ya kituo tangu siku ya kwanza: miche ya miembe, mapera na miti ya kivuli ioteshwe mapema ili Desemba iwe tayari kuuzwa. Na kitalu hicho wapewe vijana wa kata kwa mkataba wa maandishi, wenye kuonyesha nani analipa maji mwezi ambao miche haijauzwa.