Mgeni anaweza kumiliki ardhi Kenya?

1/ Kila kampeni lazima usikie: "Wageni wananunua nchi yetu!" Hebu tusome sheria kidogo.

2/ Katiba ya 2010, kifungu cha 65: asiye raia hapati umiliki wa kudumu. Anakodi tu, isizidi miaka 99. Hata mkataba ukisema ni milele, kisheria ni miaka 99.

3/ Kampuni je? Ni raia ikiwa tu inamilikiwa yote na Wakenya.

4/ Dadangu alichukua uraia wa Marekani 2005, akapoteza wa Kenya. Leo anataka ploti Diani, na kisheria ni mgeni! Lakini kifungu cha 14 kinamruhusu kuomba uraia tena. Nimemwambia: uraia kwanza, ploti baadaye.

5/ Ukisikia kelele jukwaani, uliza: kifungu gani?