Ute Haujaisha: Goti Linapolia Kwenye Miteremko ya Uluguru

Kwenye njia inayoshuka kutoka Morningside, katika Milima ya Uluguru, hadi Morogoro mjini kuna jiwe pana ambapo akina mama hutua mizigo. Hapo nilimkuta bibi mmoja amepumzika, tenga la mboga liko pembeni, ngata bado iko mkononi. Alipoinuka kuitikia shikamoo yangu, goti lake lililia ka! nikalisikia hatua tatu mbali. “Ute umekwisha, mwanangu,” akasema kabla sijauliza. “Siku hizi nakula bamia.”

Sijui kauli kuhusu magoti iliyoenea Tanzania kuliko hiyo. Iko sokoni, iko kwenye daladala, iko midomoni mwa wauza dawa wenye vipaza sauti. Inanisumbua kwa sababu imegeuza mambo juu chini, na wapo watu wanaopoteza miezi wakiiamini.

Kiungo kimefungwa ndani ya mfuko. Utando wa ndani ya mfuko huo ndio unaotengeneza ute, nao ni mchache tangu mwanzo: katika goti zima lenye afya haujazi kijiko cha chai. Ndani yake kuna gesi iliyoyeyuka, kama ndani ya soda. Ukivuta kidole, mifupa inaachana, mgandamizo wa ute unashuka ghafla, gesi inajitenga, nawe unasikia mlio. Roston na Wheeler Haines walilichunguza jambo hili kwa eksirei huko London mwaka 1947. Mwaka 1971 watafiti wa Leeds walisema sauti inatoka povu la gesi linapoporomoka. Mwaka 2015 Greg Kawchuk na wenzake wa Kanada, wakitumia picha za MRI zinazokwenda kama filamu, wakaona kinyume: uwazi unazaliwa mlio unapotoka, na unabaki baada yake. Ubishi huo haujafungwa. Lakini pande zote mbili zinakubaliana kwamba mlio huo unahitaji ute. Kiungo kisicho na ute kisingeweza kuutoa. Ndiyo maana kidole ulichokialisha hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20, gesi iyeyuke upya.

Na wanaokatazwa kualisha vidole wasije wakapata baridi yabisi? Daktari Donald Unger wa California alialisha vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa miaka 50, akaandika mwaka 1998 kwamba mikono yake yote miwili ilikuwa sawa. Mtu mmoja si ushahidi mkubwa, ila hata waliopima watu wengi hawakuona kwamba tabia hiyo inaleta ugonjwa huo.

Si kila mlio ni gesi. Mwingine ni kano inayoruka juu ya mfupa. Mwingine ni wa kusaga, kama mchanga chini ya kandambili, pale pia ya goti inapopita juu ya gegedu iliyochakaa. Huo wengi wenye umri mkubwa wanao, na wengi wao hawaumwi.

Kinachotesa goti si mlio, ni mteremko. Watafiti wa Berlin waliwapima wagonjwa waliowekewa magoti ya bandia yenye vihisio, wakakuta kwamba kushuka ngazi kunalibebesha goti karibu mara tatu na nusu ya uzito wa mwili. Sasa mtwishe mtu mkungu wa ndizi kichwani, umshushe kutoka Uluguru hadi mjini, ulioko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Fimbo mkononi na misuli ya paja yenye nguvu vinalisaidia goti hilo kuliko chupa yoyote ya barabarani.

Nilimuuliza bibi: linauma likilia? Linavimba? Limewahi kukwama likakataa kunyooka, au kukuachia ukiwa njiani? Akatikisa kichwa kila mara. Basi goti lake halina la kumpeleka hospitali.

Angejibu ndiyo hata mara moja, ningemwomba aende. Goti linalokwama huenda lina kipande cha gegedu kilichochanika na kujipenyeza kati ya mifupa. Aliyeteleza akasikia mlio, goti likajaa ndani ya saa chache, huenda amekata kano na damu inamwagikia ndani. Akishindwa kukanyaga hata hatua nne apigwe eksirei. Kijana mwenye selimundu anayeumwa nyonga asiambiwe ni uchovu, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuua mfupa kwa kuunyima damu. Na hapa kauli ya ute inadhuru kweli: goti lililovimba mara nyingi limejaa majimaji kupita kiasi, halafu mwenyewe anahimizwa kula bamia ili ayaongeze. Bamia ni mboga nzuri. Utelezi wake unaishia tumboni.

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko pale mjini, na kesi ngumu za mifupa huweza kupelekwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Mengi ya haya yanaweza kusubiri siku ya kliniki. Moja haliwezi: mtoto mwenye homa, goti au nyonga imevimba na kuwaka moto, hataki kuguswa wala kukanyaga. Usaha ukiwa ndani ya kiungo unakula gegedu kwa siku chache tu, na unaweza kuingia kwenye damu. Kiungo hicho huenda hakijawahi kulia hata mara moja. Mtoto huyo ashushwe usiku huohuo, asisubiri gari la alfajiri la kupeleka mboga sokoni.