Hannah Arendt na haki ya kuwa na haki

Mwaka 1933, mpakani mwa Ujerumani na Chekoslovakia, kulikuwa na nyumba ambayo mlango wake wa mbele ulikuwa nchi moja na wa nyuma nchi nyingine. Hannah Arendt, mwanafalsafa Myahudi wa miaka 26, aliingia humo na mama yake mchana. Wakala chakula cha jioni, na giza lilipotanda wakatokea mlango wa nyuma. Hati za kusafiria hawakuwa nazo. Kabla ya hapo polisi wa Berlin walikuwa wamemweka ndani siku nane kwa sababu alikuwa akikusanya maktabani ushahidi wa chuki dhidi ya Wayahudi.

Alifika Paris. Mwaka 1940 Wafaransa wakamfungia katika kambi ya Gurs kwa kuwa ametoka nchi adui, wakati adui huyo ndiye aliyekuwa akimkimbia. Akatoroka, na mwaka 1941 akaingia New York. Uraia wa Marekani aliupata mwaka 1951, mwaka uleule alipochapisha kitabu chake kikubwa kuhusu chimbuko la utawala wa kiimla.

Wengi humkumbuka kwa kesi ya Adolf Eichmann, afisa wa Kinazi, aliyoifuatilia Jerusalem mwaka 1961. Lakini hoja yake nzito zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, imo katika kile kitabu cha 1951. Tangu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789, anasema, tumeambiwa kwamba binadamu huzaliwa na haki zake. Basi mamilioni ya watu waliopoteza uraia kati ya vita viwili vya dunia walipobaki na ubinadamu wao mtupu, nani aliwatetea? Hapakuwa na serikali ya kuwapokea, wala mahakama ya kusikiliza shauri lao. Walichopokonywa kilitangulia haki nyingine zote: haki ya kuwa na haki, yaani kuwa mwanachama wa jamii fulani yenye sheria.

Anatoa kipimo cha kushangaza. Ukitaka kujua kama mtu hana nchi, jiulize iwapo hali yake ingekuwa nafuu akiiba. Akikamatwa kwa wizi atafikishwa kwa hakimu, atapewa wakili na adhabu yenye mwisho. Asiye na uraia anaweza kufungiwa bila kosa lolote, tena bila tarehe ya kutoka.

Wamakonde wa Kwale, pwani ya Kenya, hawakuhitaji kusoma Ujerumani kulijua hilo. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, na vizazi vilivyofuata vikazaliwa Kenya bila kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako wala kufungua akaunti ya benki, na askari akikusimamisha barabarani huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi, wakapokelewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wasajiliwe. Mwaka uliofuata walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Msomaji wa Afrika ana sababu ya kumsoma Arendt kwa jicho kali. Katika kitabu hichohicho, anapoeleza ukoloni, anawachora Waafrika kama watu wasio na historia, akiegemea riwaya ya Joseph Conrad kuhusu Kongo. Ni doa kubwa kwa mtu aliyeonja kudharauliwa kwa sababu ya asili yake, na wanaomsifu mara nyingi hulipita kimyakimya.

Hata hivyo, kitabu chake cha 1958 kinasaidia kuyaelewa matembezi ya Kwale. Siasa kwake huanza pale watu wanapojitokeza hadharani, wakasema na kutenda pamoja. Kwa maana hiyo, Wamakonde walikuwa wameshaanza kutenda kama raia wakiwa bado barabarani, miezi kadhaa kabla kitambulisho cha kwanza hakijatolewa.